Barua ya Wazi kwa Tume ya Kuajiri Walimu: Mwalimu wa Kusoma Apewe Shahada Yake na Daraja Lake

Kwa Mwenyekiti, Makamishna na Katibu wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, Upper Hill, Nairobi. Na kwa Wakuu wa Vitivo vya Elimu katika vyuo vikuu vya Kenya.

Waheshimiwa,

Naleta kwenu maombi ambayo, ijapokuwa yanatoka kwa mwalimu mmoja wa madarasa ya chini katika mtaa wa Tassia, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, yanamhusu kila mtoto wa Kenya aliyeketi mbele ya kitabu kilichofunguliwa na asiweze kukisoma. Naomba ilmu ya kumfundisha mtoto kusoma itambuliwe kuwa ilmu kamili, iwe na shahada yake ya uzamili katika vyuo vikuu vyetu na daraja lake katika utumishi wa walimu, na shahada hiyo ipatikane kando ya mtoto anayesoma, huku mihadhara na mitihani ikishika nafasi ya pili.

Tassia, kwa wasioijua, ni mtaa wa maghorofa. Kutoka barabara ya Outer Ring kuelekea Fedha na Pipeline majumba yamesimama bega kwa bega, orofa sita, saba na kupita, nguo zikining'inia katika kila roshani na maji yakipandishwa kwa mitungi siku mifereji inapokauka. Wazazi wetu aghalabu huondoka alfajiri kwenda Industrial Area, kwenye uwanja wa ndege, katika viwanda vya Mombasa Road au mjini, na wengi hurejea watoto wakiwa wamekwisha kulala. Shule za serikali ni chache zikilinganishwa na wingi wa watu, kwa hiyo sehemu kubwa ya watoto husoma katika shule za watu binafsi, na baadhi ya shule hizo zimo ndani ya majengo yaliyojengwa kwa nia ya kupangishwa, ambamo sebule ya mpangaji imefanywa darasa na ngazi ndiyo njia ya kwendea mapumzikoni. Mahali kama hapa, ambapo ni nadra kumpata mtu mwenye wasaa wa kukaa na mtoto jioni akamsikiliza akisoma, kazi yote ya kumsomesha humwangukia mwalimu, na mwalimu huyo asipojua kwa yakini jinsi kusoma kunavyojengeka akilini mwa mtoto, mtoto hana pengine pa kukimbilia.

Aliletwa kwangu binti wa Gredi ya Nne ambaye madaftari yake yalikuwa safi, mwandiko wake mzuri, na alama zake za darasani si za kutia hofu. Nilimpa ukurasa wa kitabu cha Kiswahili cha Gredi ya Pili, akasoma sentensi tatu bila kusita, kwa sauti ya kupendeza, kidole chake kikipita juu ya mistari kama alivyofundishwa. Jambo moja tu lilinishtua, nalo ni kwamba kidole kilifika mwisho wa mstari kabla ya sauti yake kufika. Nikaifunika picha kwa kiganja, kisha nikamwonyesha neno moja katikati ya sentensi ile ile aliyoimaliza punde, nikamwomba anisomee neno hilo peke yake. Akanyamaza. Nikamwonyesha jingine, akanitazama usoni ili alisome jibu katika macho yangu. Binti huyu alikuwa amehifadhi. Kwa miaka yote aliyokaa darasani aliwasikiliza wenzake wakisoma kwa pamoja, akayatia moyoni waliyoyasema, na kila mwalimu aliyepita mbele yake, akiwa na watoto arubaini na zaidi wa kuwasikiliza katika kipindi cha nusu saa, alisikia maneno yaliyo sahihi akaendelea na kazi yake.

Chukueni na mtoto mwingine, ambaye mbele ya neno kalamu husema karamu. Huenda mtoto huyu ameziona herufi zote sawasawa, lakini ulimi wake, uliolelewa katika lugha ya nyumbani isiyotenganisha sauti hizo mbili, umemtoa nje ya njia. Naye kwa hakika amesoma, na kasoro yake ni ya matamshi. Huenda pia hajawahi kuisikia tofauti hiyo kwa sikio lake, hata ukimtamkia maneno yote mawili polepole huku umeuficha mdomo wako, atakuambia kuwa ni neno moja. Tena huenda ameiona herufi ya kwanza na ya mwisho, akakisia iliyobaki, naye huyu ndiye aliye hatarini, kwa sababu kesho atakisia neno refu zaidi na kesho kutwa atakisia swali la mtihani. Watoto watatu wamekosa kosa moja kwa sababu tatu mbalimbali, na kila mmoja ana haja ya somo lake. Mwalimu asiyejua kuzipambanua sababu hizo atawapa wote zoezi moja la kunakili neno mara kumi, na hatastahiki lawama, maana hakuna chuo kilichompa ilmu ya kupambanua.

Nasikia mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu kubwa, kwamba kusoma Kiswahili ni jambo jepesi, kwa kuwa lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, na kwamba mtoto akishapita ba, be, bi, bo, bu, mlango umefunguka. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtoto aliyezoea silabi za konsonanti moja na irabu moja husimama ghafla mbele ya ng'ombe na ngoma, mbele ya dhahabu, ghala na thamani, na kadhalika mbele ya vitenzi vyetu virefu ambamo neno moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, hata akifika mwisho wa neno amekwisha kusahau mwanzo wake. Ndiyo maana katika vipimo vilivyotumika chini ya Tusome, mradi wa kusomesha nitakaoueleza mbele, msomaji fasaha wa Kiingereza alitarajiwa kusoma maneno 65 kwa dakika, na msomaji fasaha wa Kiswahili maneno 45. Mwalimu asiyefahamu asili ya tofauti hiyo atadhani watoto wake ni wavivu katika lugha ya taifa lao.

Tena mtoto wa Tassia hasomi lugha moja. Kwenye ngazi na uwanjani anasema Sheng na Kiswahili; kwa simu anasikia lugha ya nyanya yake; na darasani, tangu akiwa na miaka mitatu au minne, anafundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake na matamshi yake yaliachana karne nyingi zilizopita. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 iliagiza kwamba miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, na busara ya agizo hilo haijachakaa, lakini katika shule nyingi za mitaa yetu Kiingereza ndicho wazazi wanachokilipia, na kwa hiyo ndicho watoto wanachopewa. Mnamo mwaka 1986 wanazuoni wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kwamba kusoma kwa kuelewa kuna nguzo mbili, ya kwanza ikiwa kuyatoa maneno katika herufi, na ya pili kuifahamu lugha yenyewe, na kwamba moja ikikosekana kabisa, nyingine haimfai msomaji kitu. Sisi watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na ushahidi wa jambo hilo zamani sana, kwa kuwa vyuo vyetu vya Kurani vimewatoa watoto wanaosoma juzuu nzima kwa tajwidi safi pasi na kujua maana ya aya, na kwa ibada hilo lina thawabu na heshima yake. Lakini mtoto wa Gredi ya Tano anayeitamka sura ya somo la sayansi kwa Kiingereza kizuri asiambulie maana yoyote amepungukiwa na kitu ambacho shule ilimwahidi mzazi wake, na mwalimu ana wajibu wa kujua ni nguzo gani kati ya zile mbili iliyolegea.

Nimevitaja vyuo vya Kurani, nami nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu ndiko tulikorithi namna bora ya kumthibitisha mwalimu wa kusoma. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, na katika barza za masheikh wa Mombasa, Unguja na Barawa, mwanafunzi hakupata haki ya kusomesha kwa kuwa amekaa miaka fulani au amejibu maswali katika karatasi. Alimsomea sheikh wake kitabu, mlango baada ya mlango. Akasikilizwa, akasahihishwa, akarudia. Kisha akaketishwa awasikilize walio chini yake, sheikh akiwa karibu anasikia jinsi anavyosahihisha. Hapo ndipo alipopewa ijaza, nayo ilitaja jina la aliyempa na la aliyempa huyo, mpaka mbali, ili kila atakayesoma kwake ajue elimu hiyo imetoka wapi. Hiyo ni shahada ya uzamili katika maana iliyo kamili, kwani anayeitoa ameshuhudia kwa masikio yake kazi ambayo anayeipokea ataifanya.

Waheshimiwa, haitakuwa haki kusema kwamba nchi yetu haikujitahidi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, ambako walimu walifunzwa kuzunguka katika shule za vijijini, kila mmoja akizisaidia shule kadhaa, awaonyeshe wenzake kazi kwa kuifanya mbele yao. Mwaka 1961 mahali pale pakawa chuo cha maafisa wa utawala, na leo ndipo penye Chuo cha Serikali cha Kenya. Mwaka 1957 yakaanza hapa Nairobi, katika shule za watoto wa Kiasia, majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, yakiongozwa na kituo maalumu cha Wizara ya Elimu, nayo yakaitwa Njia Mpya ya Shule za Msingi. Katika madarasa ya mwanzo, yaliyokuwa na vitabu, wakaguzi na walimu waliofunzwa kwa makini, mambo yalikwenda vizuri. Kisha katika miaka ya 1960 njia hiyo ikaenezwa kwa kasi kuliko uwezo wa kuwafunza na kuwatembelea walimu, ikabaki vitabu na zana bila wanaojua kuzitumia. Na tangu mwaka 2009 wachunguzi wa tathmini ya Uwezo walipoanza kwenda nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, tukaambiwa mwaka baada ya mwaka kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni kiasi cha watatu tu walioweza kuifanya kazi ya darasa la pili.

Ndipo ilipokuja Tusome mwaka 2015, baada ya majaribio ya miaka michache yaliyoanza mwaka 2011, nayo ikaingia katika shule zote za msingi za serikali na katika baadhi ya shule nafuu za watu binafsi mijini. Nami nataka niitendee insafu. Kila mtoto alipata kitabu chake mkononi. Kila mwalimu alipata mwongozo uliompa somo la kila siku. Na maafisa wa kusaidia mtaala, ambao zamani hawakujulikana darasani ila kwa ukaguzi, walipewa tableti, wakaketi nyuma ya darasa, wakamsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma, kisha wakazungumza na mwalimu juu ya waliyoyasikia. Nimewaona walimu wakibadilika katika muhula mmoja kwa sababu ya mazungumzo hayo. Lakini fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka kwa Shirika la Misaada la Marekani, USAID, na mradi una mwisho wake uliokwisha kuandikwa siku ulipozinduliwa. Mradi ukamalizika, na mwaka 2025 shirika lenyewe likafungwa. Walimu waliojua wengine wamestaafu, wengine wamehamishiwa madarasa ya juu, na mwalimu kijana anayeanza kufundisha Gredi ya Kwanza leo huupokea mwongozo uliochakaa bila mtu wa kumweleza kwa nini somo la Jumatatu lilitangulia lile la Jumanne.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ilmu ya kusomesha watoto imetujia mara tatu katika miaka mia moja, na kila mara tumeikaribisha vizuri, tukaila karamu yake, tukaisindikiza mlangoni ikenda zake. Haijapewa jembe wala shamba, yaani haijapewa kiti cha uprofesa, shahada, daraja la kazi, wala jina katika sajili ya Tume. Jambo hili moja ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari kuliko mimi, alitamani kujiendeleza katika elimu hii hasa. Alikwenda katika chuo kikuu kimoja, akaeleza anachokitaka, akaambiwa achague baina ya elimu ya watoto wadogo, elimu ya mahitaji maalumu, mitaala, na isimu ya lugha. Kila moja kati ya hizo ni elimu tukufu, na kila moja ina kipande cha alichokitafuta, lakini hakuna hata moja iliyomwahidi kwamba atatoka akijua kumfunza kusoma mtoto aliyeshindwa. Akachagua isimu. Alisoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, akipanda matatu alfajiri, akilipa karo kwa mkopo wa chama, na baada ya kutoa tasnifu njema juu ya sarufi alirudi darasani na mtoto wake wa karamu na kalamu akiwa pale pale alipomwacha. Katika majimbo mengi ya Marekani mwalimu wa namna hiyo angekuta njia imekwisha kuchongwa, kwa maana huko mtaalamu wa kusoma hupata leseni yake kwa masomo ya uzamili, kwa sharti la kuwa amewahi kufundisha, na kwa kufanya kazi na watoto chini ya usimamizi wa mwalimu aliyemtangulia. Wao nao hawajamaliza matatizo yao, na ubishi juu ya njia bora ya kusomesha umewagawanya kwa vizazi, hata serikali yao ikaunda jopo lililotoa ripoti mwaka 2000 na kutaja mambo matano yasiyokwepeka: kuzitambua sauti ndani ya neno, kuziunganisha sauti na herufi, ufasaha, msamiati, na ufahamu. Hata hivyo, mwalimu anayetaka kujua hujua pa kwenda kubisha hodi.

Nanyi Tume mna mamlaka ya kuufungua mlango huo hapa kwetu. Tangu mlipoundwa kwa sheria mwaka 1967 mmewasajili walimu na kuwapa vyeo, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 237, imewakabidhi kazi ya kupitia viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia katika ualimu, kupima mahitaji ya walimu, na kuishauri serikali. Mfano mnao, tena si wa mbali. Kabla ya mwaka 1986 mwalimu aliyetaka kuwahudumia watoto wenye ulemavu alitegemea moyo wake na mafunzo yaliyotawanyika. Mwaka huo ikaasisiwa Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, ambayo iko Kasarani, safari ya matatu tu kutoka kwetu, na tangu hapo elimu hiyo imekuwa na diploma yake, walimu wake, na nafasi zake katika matangazo ya kazi. Vilevile mwaka 2021, nchi ilipoondoka katika cheti cha P1 cha miaka miwili na kuingia katika diploma ya miaka mitatu, ilikiri hadharani kwamba mtoto mdogo anastahiki mwalimu aliyesoma zaidi. Ninachokiomba ni hatua ifuatayo hiyo.

Najua pia kwamba Mwongozo wenu wa Kupanda Ngazi wa mwaka 2018 umeacha desturi ya kumpandisha mwalimu kwa sababu tu ameleta karatasi mpya, na walimu wengi wamelilalamikia jambo hilo. Mimi naiona hoja yenu. Haikuwa adili mwalimu wa Gredi ya Kwanza kupanda daraja kwa shahada ya utawala wa biashara huku watoto wake hawasomi. Walakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayowataka muitambue shahada inayofungamana na kazi ya darasani, maana mwalimu akiona kwamba maarifa yaliyo karibu zaidi na mtoto hayana thamani yoyote katika utumishi, naye ana watoto wake wa kulisha na kodi ya nyumba ya kulipa, atakwenda kutafuta maarifa mengine yatakayomtoa darasani kabisa. Wengi wamekwenda, na aghalabu ni wale tuliokuwa tukiwahitaji.

Kwenu wakuu wa vitivo nasema kwa heshima kwamba shahada hii isije ikawa ile ya isimu iliyobadilishwa jalada. Mwanafunzi wake asome jinsi sauti za Kiswahili, za Kiingereza na za lugha za nyumbani zinavyopatana na kugongana. Asome jinsi jicho na sikio la mtoto yanavyofanya kazi. Asome namna ya kumsikiliza mtoto huku anaandika kila kosa kwa alama, ili baada ya dakika tano aweze kusema kosa limetoka wapi. Lakini nusu ya masomo iwe kazi. Kwa mwaka mzima wa shule awe na kundi dogo la watoto walioshindwa kusoma, katika shule yake mwenyewe ikiwezekana, awafundishe kila siku, na mwalimu aliyebobea aje amsikilize mara kwa mara, asahihishe, arudi tena. Mtihani wa mwisho uwe kuletewa mtoto asiyemjua, amsikilize akisoma mbele ya watahini, aeleze anachokiona, kisha amfundishe somo moja hapo hapo, na watahini waone kama mtoto ameondoka na kitu. Mwanachuoni asiyeweza hayo, hata awe ameandika tasnifu ya kurasa mia tatu, asipewe. Sisi hapa mashariki mwa Nairobi hatuna uhaba wa watoto wa kufundishwa. Chuo kikuu chochote kitakachotaka kuleta wanafunzi wake Tassia, Pipeline, Kayole au Dandora kitapata madarasa yaliyo tayari kuwapokea siku ya Jumatatu.

Nina neno pia juu ya gharama. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu, TPD, uliozinduliwa mwaka 2021, ulimtaka mwalimu atoe shilingi 6,000 kila mwaka kutoka katika mshahara wake, na kelele zilizofuata mlizisikia. Sehemu kubwa ya uchungu ule ilitokana na mwalimu kulipishwa kwa jambo lililoamriwa na wengine ambalo hakuliona faida yake darasani. Shahada ninayoiombea ni ya wachache. Haiwezekani wala haihitajiki kila mwalimu awe nayo. Inatosha kila kundi la shule liwe na mmoja, aliyesomeshwa kwa fedha za umma kwa sharti la kubaki na watoto wa madarasa ya chini kwa miaka kadhaa, apewe daraja na posho inayolingana na elimu yake, na aruhusiwe kupanda cheo bila kulazimika kuliacha darasa na kuingia ofisini. Na maafisa wa kusaidia mtaala wa madarasa ya chini wachaguliwe miongoni mwa hao. Wala milango isifungwe kwa walimu wa shule za watu binafsi ambao wana namba ya TSC na hawajaajiriwa nanyi, kwa sababu watoto wanaowafundisha ni wananchi wa nchi hii kama wengine, na katika mtaa kama wetu hao ndio wengi.

Itasemwa kwamba nchi ina upungufu wa walimu, na kwamba si busara kuzungumzia wataalamu pale ambapo darasa lina watoto sitini. Nimelitafakari neno hilo sana, maana ndilo zito kuliko yote. Jibu langu ni kwamba watoto sitini chini ya mwalimu asiyejua watazalisha, miaka mitatu baadaye, kundi la vijana wa Gredi ya Nne ambao kila somo kwao ni ukuta, na walimu wa sayansi, wa hesabu na wa dini watatumia vipindi vyao kusoma kitabu kwa sauti kwa niaba ya watoto. Gharama hiyo tunailipa sasa hivi, kila siku, ila haiandikwi katika bajeti yoyote.

Nawaomba basi, Waheshimiwa, mambo mawili. Kwanza, Tume ikae pamoja na vitivo vya elimu mwaka huu, iweke viwango vya shahada ya uzamili ya kufundisha kusoma, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, na ilitie jina la mwalimu wa kusoma katika sajili na katika mwongozo wa vyeo. Pili, katika tangazo lenu lijalo la nafasi za kazi, hata kabla shahada hiyo haijasimama, zitengwe nafasi chache za walimu wa kusoma katika kaunti ndogo za Embakasi, wachaguliwe kwa kusikilizwa wakimfundisha mtoto, nanyi mtume mtu wenu mwishoni mwa mwaka aje apime watoto wamefika wapi. Milango ya madarasa yetu iko wazi kwa mtu huyo.

Wenu katika utumishi wa watoto,

Mwalimu wa Gredi ya Tatu,
Tassia, Nairobi.